KUSOMA NJE SIYO AIBU
Tuwaandae watoto wetu kwa ziwa la Rumonge

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeombwa kuandika juu ya masomo yanayofanyika nje ya darasa. Wengi mmetuuliza kwa nini siku hizi mnawaona watoto wenu wakizunguka uwanjani na kamba na mabido badala ya kukaa kwenye madawati. Mna haki ya kuuliza. Hebu tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe, halafu tutaeleza mengine.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita. Jina lake hatutaliandika. Alizaliwa hapa kambini, alikuwa hodari wa hesabu na wa kuchora ramani. Familia yake ikajiandikisha kurudi Burundi, ikapanda basi, ikafika Rumonge kwa babu yake. Baada ya wiki tatu hivi mama yake akatupigia simu. Tulidhani anataka karatasi za shule, maana wengi wanaorudi hutupigia kwa ajili ya hizo. Kumbe siyo.

Kijana alikuwa ametumwa na binamu zake kuchota maji ziwani. Binamu wakaingia majini, naye akawafuata, akidhani ziwa ni kama kile kijito chetu cha bondeni, ambacho unaingia, unakanyaga chini, unatokea ng'ambo. Alipiga hatua chache tu, mchanga ukaisha chini ya miguu yake. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu hapo ufukweni ndio waliomtoa. Tunamshukuru Mungu, yuko mzima. Lakini tangu siku ile hataki kusogelea maji, na watoto wenzake wanamcheka, wanamwita "mtu wa kambini".

Yule mama akamalizia kwa maneno ambayo hayajatutoka mpaka leo: "Walimu, mlimfundisha ziwa lina urefu gani. Hamkumfundisha kwamba linaua."

Ni kweli tulilifundisha. Tulitafuta daftari la mtihani wake tukalikuta. Ziwa Tanganyika: nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Urefu: kilomita 673. Kina: mita 1,470. Alipata alama zote. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Mtoto wetu aliandika kina cha maji na hakukijua.

KUSOMA NJE KUNA AINA MBILI

Tunajua kwa nini maneno haya "kusoma nje" yanawachukiza wazazi. Mwaka 2015 watu walipovuka kwa wingi kutoka Burundi, madarasa ya makambi hayakutosha, na watoto wengi walisoma chini ya miti. Baadhi yetu tunaofundisha sasa tulikuwa watoto hao. Ubao uliegemezwa kwenye shina, tukakalia mawe au vigogo. Upepo ukivuma, vumbi linafunika daftari. Mvua ikija, shule imekwisha, kila mtu anakimbilia kwao. Jua likizunguka, darasa zima linahama kufuata kivuli. Kusoma nje kwa namna hiyo ni shida, na hatutaki irudi.

Kwa hiyo baba mmoja alipokuja shuleni kwa hasira hatukumlaumu. Alisema, "Tumengoja madarasa miaka yote hii. Sasa yapo, ninyi mnawatoa tena watoto nje?" Tulimpa kiti, tukaongea naye.

Tulimwambia hivi: kuna kusoma nje kwa kukosa darasa, na kuna kusoma nje kwa makusudi. Ile ya kwanza, mwalimu anafundisha chini ya mti kitu kilekile ambacho angefundisha ndani, ila kwa taabu zaidi. Mti wenyewe hauhusiki na somo. Hii ya pili, mwalimu anatoka kwa sababu kitu anachofundisha kiko nje: udongo, kivuli, mwezi, umbali, mbegu, maji. Akimaliza, anawarudisha ndani waandike walichoona na wapige hesabu. Darasa linabaki na kazi yake.

RUMONGE YENYEWE NI DARASA

Kwa vijana ambao hawajapaona, Rumonge ni mji ulio kando ya ziwa, kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita kama 75 kwa barabara. Ukitoka Bujumbura unapita Kabezi, Gitaza, Magara, Minago, ziwa likiwa upande wa kulia na vilima upande wa kushoto. Ukiendelea kusini unafika Kigwena kwenye msitu mdogo wa hifadhi, kisha Nyanza-Lac. Sehemu hii ya tambarare inaitwa Imbo. Ramani zenu za zamani zinaweza kuwachanganya: Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, lakini tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025 Burundi ina mikoa mitano tu, na Rumonge ni komini ndani ya mkoa wa Burunga.

Mtu wa Rumonge anaishi kwa vitu viwili: ziwa na mchikichi. Ziwani wanavua ndagala, ambao hapa Kigoma wanaitwa dagaa, na mukeke, ambao hapa wanaitwa migebuka. Wako pia sangala na kuhe. Nchi kavu ni michikichi, nayo mawese yake yanajulikana Burundi nzima. Ng'ambo ya maji, upande wa Kongo, kuna rasi ya Ubwari, kwa hiyo majirani zetu waliotoka Fizi na Baraka wanalitazama ziwa hilohilo kutoka upande wa pili. Na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu wa fukwe hizi zote, sokoni na kwenye mitumbwi.

Mtoto aliyezaliwa Rumonge anajifunza mambo haya bila kuyaita masomo. Akiwa na miaka mitano anajua wapi mchanga unaisha. Akiwa na miaka kumi anajua usiku gani mitumbwi itatoka na usiku gani italala. Mtoto wetu wa kambini amekua kati ya kadi ya chakula, bomba la maji na uwanja wa mpira. Siyo kosa lake. Hatutoki kambini bila kibali, na ziwa liko mbali. Lakini siku akirudi, hakuna atakayemwuliza alikokulia. Maji hayaulizi.

Jambo hili lilishawapata wengine kabla yetu. Warundi waliokimbia mwaka 1972, wengi wao kutoka Rumonge na Nyanza-Lac, waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto wao walikua wakilima mahindi na tumbaku. Walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, wengi walikuwa hawajawahi kuiona nchi ya wazazi wao. Walikuta michikichi, ziwa, shule za Kifaransa, na mashamba ya wazazi yakiwa na watu wengine ndani. Mambo ya ardhi ni mazito na mwalimu hawezi kuyamaliza. Lakini ugeni wa mtoto mbele ya kazi za kwao, huo tunaweza kuupunguza kuanzia hapa.

MASOMO MATANO TUNAYOFANYA BILA ZIWA

Mtasema: mtafundishaje ziwa mahali pasipo na ziwa? Hata sisi tulijiuliza. Tukaunganisha kamba za mizigo tukapata kamba moja ya mita 30. Hiyo ndiyo kitabu chetu cha kwanza.

La kwanza, kina. Tulitoka na darasa la sita kutoka mlango wa shule, wawili wanashika kamba, mmoja anahesabu, wengine wanaandika. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulipita uwanja, tukapita soko, tukapita mitaa miwili mizima. Tuliposimama ilikuwa kamba ya 49, na shule hatukuiona tena. 49 mara 30 ni 1,470. Tukawaambia: njia yote hii mliyotembea, isimamisheni wima, iende chini. Hicho ndicho kina cha Ziwa Tanganyika pale penye kina kirefu kabisa. Duniani kuna ziwa moja tu linalolizidi kina, Baikal la Urusi. Watoto wakanyamaza. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, samaki wanaishi mpaka huko chini?" Swali zuri! Jibu ni hapana. Upande wa kaskazini wa ziwa, ukishuka mita 100 hivi, ndani ya maji hakuna tena hewa ya kutosha samaki. Kwa hiyo tuliporudi tuliweka alama: ndagala na mukeke wote wanaishi kwenye kamba tatu za juu na kidogo. Kamba 45 zilizobaki ni giza. Sasa mtoto akisikia kwamba samaki wanapungua, anaelewa kwa nini wavuvi wa nchi nne wanabanana kwenye sehemu ndogo.

La pili, mita 150. Watoto wetu wote wanamjua Gustave, yule mamba mkubwa wa mto Rusizi na ufukwe wa Burundi, aliyekadiriwa kuzidi mita 6. Wanasimuliana usiku mpaka wanaogopa kwenda chooni. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012, inayotaka mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika zisijengwe. Kamba yetu mara tano. Tulichora mstari tukauita ukingo, tukapima kamba tano, tukapanda kijiti. Kisha tukawaambia wasimame pale ambapo wao wangejenga nyumba. Karibu wote walisimama ndani ya mstari, ili wawe karibu na maji! Ndipo tukawaeleza yaliyotokea: kati ya mwaka 2020 na 2024 mvua zilikuwa nyingi, ziwa likapanda, maji yakaingia kwenye nyumba za Gatumba karibu na Bujumbura na mtaa wa Kibenga pale Rumonge. Familia zilihama na magodoro kichwani. Jioni ile baadhi ya watoto waliwapeleka wazazi wao uwanjani kuwaonyesha kijiti. Tulifurahi sana, kwa sababu anayechagua kiwanja ni mzazi, siyo mtoto.

La tatu, mwezi. Hili ni somo la usiku, na linafanyika nyumbani kwenu mbele ya mlango. Kila mtoto anachora mwezi alivyouona, siku 30 mfululizo. Mvuvi wa ndagala anafanya kazi gizani. Anawasha taa juu ya maji, vidudu vidogo vinafuata mwanga, ndagala wanafuata vidudu, mukeke wanafuata ndagala, halafu wavu unainuliwa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ziko pia taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, samaki hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi inapumzika na nyavu zinashonwa. Mtoto anayejua mwezi anajua ni siku zipi kutakuwa na fedha nyumbani na siku zipi hakuna. Hapohapo tunawafundisha habari ya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tuliuliza darasa: familia ile kitu gani kwa miezi mitatu? Walijadiliana mpaka kengele ikalia.

La nne, mchikichi. Hapa hatukufundisha sisi. Tulimwita mzee mmoja ambaye alikuwa na michikichi Rumonge kabla ya kukimbia. Amekaa kambini miaka yote hii na hakuwahi kuitwa shuleni hata siku moja, kwa sababu hajui kusoma. Alikuja amevaa koti. Aliwapanga watoto uwanjani, kila mmoja mita 9 kutoka kwa mwenzake, kwa pembetatu siyo kwa mraba, akawaambia, "Nyooshani mikono. Ninyi ni michikichi. Makuti yenu yanaanza kugusana, basi hapo panatosha, msisogeleane." Baadaye ndani ya darasa tulipiga hesabu: kwa mita 9 za pembetatu, hekta moja inabeba michikichi 143. Mzee hakuwahi kuisikia hiyo namba, lakini alicheka akasema, "Ndiyo, ni kama hiyo." Akawaeleza kwamba mche unakaa kitaluni kama mwaka mzima, kwamba ukiupanda shambani utangoja miaka mitatu au minne kabla ya mkungu wa kwanza, na kwamba kati ya miche unaweza kupanda maharage wakati unangoja. Mtoto mmoja akasema miaka minne ni mingi. Mzee akamjibu, "Wewe una miaka mingapi hapa kambini?"

La tano, bido. Somo hili limetokana na yule kijana wetu. Hatuwezi kufundisha kuogelea pasipo na maji, na hatutawadanganya. Lakini tunaweza kufundisha kuokoa. Watu wengi wanazama kwa sababu walimfuata anayezama wakiwa hawajui kuogelea, na yeye akawakumbatia wakaenda wote. Kwa hiyo watoto wanajifunza hivi: usiingie, piga kelele kuita watu wazima, halafu tupa kitu kinachoelea. Bido tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaelea na linaweza kumshikilia mtu. Tunalifunga kamba, mmoja anakaa mbali akijifanya anazama, mwenzake anatupa, anakosa, anavuta, anatupa tena. Mara za kwanza wanacheka sana. Mara ya kumi hawacheki, wanalenga. Tunawafundisha pia kwamba ziwa linang'aa kwa macho lakini siyo safi kwa tumbo: kipindupindu hutokea mara kwa mara kwenye ukanda ule wa Imbo, na kichocho kipo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

JAMBO HILI SIYO GENI

Msidhani tumebuni kitu kipya. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule za Tanzania ziwe na mashamba na zimwandae mtoto kwa maisha ya kijijini anakoishi. Burundi nayo, katika mageuzi ya mwaka 1973, ilileta Kirundi kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi na kuelekeza masomo kwenye maisha ya vijijini. Kwenye ziwa letu hilihili, kaskazini ya Kigoma, iko Gombe, ambapo Jane Goodall alifika tarehe 14 Julai 1960 kuchunguza sokwe. Mwaka 1991 alianzisha Roots & Shoots, yaani Mizizi na Vichipukizi, akiwa na wanafunzi 12 tu pale Dar es Salaam. Wanafunzi wanaangalia mazingira yao wenyewe, wanachagua tatizo moja, wanalifanyia kazi. Vikundi hivyo vilienea nchi nyingi za dunia, na vilifika mpaka kambi ya wakimbizi ya Lugufu hapa mkoani Kigoma, kambi ambayo sasa haipo tena. Mama Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kwa hiyo watoto wa wakimbizi walishafanya kazi hii, tena katika mkoa huu.

Lakini lazima tuseme na upande mwingine. Wazazi waliosoma zamani wanakumbuka jinsi "shamba la shule" lilivyogeuka mahali pengine. Mtoto anapelekwa kulima shamba la mwalimu, anachota maji ya mwalimu, anapewa jembe kama adhabu ya kuchelewa, jioni hajui alichojifunza. Hiyo siyo elimu, ni kibarua bila malipo. Sisi tumejiwekea sharti: kama mtoto hawezi kurudi darasani na kuandika nusu ukurasa juu ya alichojifunza nje, basi somo lile halikuwa somo, na kosa ni letu.

MASWALI YENU

Wengi wanauliza juu ya mtihani. Jamani, mtihani hatujausahau. Eneo, pembetatu, kuzidisha, vipimo, mfumo wa chakula wa viumbe, yote yamo kwenye mtihani, na yote tumeyagusa kwa kamba moja. Tunatoka nje mara mbili kwa wiki, siyo kila siku.

Wengine wanauliza juu ya mabinti. Hakuna mtoto anayetoka peke yake, hakuna anayepelekwa porini, na hatutoki nje ya mipaka ya kambi. Kila kundi lina walimu wawili, mmoja akiwa mwanamke. Asubuhi ndiyo saa yetu, kabla jua halijawa kali. Mvua ikitishia, tunarudi ndani. Mtoto mgonjwa au aliyekuja bila kula anakaa kivulini kuandika hesabu, naye ana kazi.

Na wale wanaosema, "Sisi hatutarudi Rumonge, sisi kwetu ni Gitega," au "Sisi ni wa Kongo," tunawajibu kwamba mtoto aliyezoea kuangalia, kupima na kuuliza wazee ataweza kufanya hivyo popote atakapopelekwa na maisha. Isitoshe, hii miombo mnayoiona hapa kambini ni ndugu wa miombo ya hifadhi iliyo juu ya mji wa Rumonge. Msitu ni uleule, mpaka tu ndio umepita katikati.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Kila jioni muulize mtoto, "Leo umeona nini?" Usimwulize tu, "Leo umepata ngapi?"
2. Msaidie kuchora mwezi. Dakika mbili zinatosha.
3. Mwambie majina ya mahali pa kwenu: kilima, mto, jirani, soko, mti wa mpakani. Afadhali ayasikie kwako kabla hujachoka au hujasahau.
4. Bibi na babu wasimulie kazi, siyo vita peke yake. Jinsi ya kukamua mawese, kukausha ndagala, kushona wavu, kujua mvua inakuja.
5. Hifadhi bido moja bovu lisilovuja ambalo halifai tena kwa maji ya kunywa, tuletee shuleni.
6. Kama umejiandikisha kurudi, tuambie mapema. Tutakaa na mtoto wako kabla ya siku ya basi, tumpe yale masomo matano hata kama siyo zamu ya darasa lake.

Sasa mtataka kujua yule kijana amefikia wapi. Hatutawaambia kwamba anaogelea, maana haogelei. Tulimpigia simu tukamwomba msaada. Tulimwambia hatumtaki aingie majini, akae tu na wale wavuvi waliomtoa, mahali wanaposhona nyavu, na atueleze anachoona, kwa sababu darasa lake hapa halijawahi kuona ziwa na walimu wake wengine hawalijui. Wiki iliyofuata alitupigia kwa simu ya mama yake. Alitusomea orodha: ndagala, mukeke, sangala, kuhe. Akasema usiku ule mitumbwi haikutoka kwa sababu ya mwezi, na ukiwaka taa zote baadaye utadhani kuna mji katikati ya maji. Tulimwekea sauti kubwa, darasa zima likasikiliza. Mtoto mmoja akamwuliza kama bado anaogopa. Akasema, "Naogopa, lakini sasa najua ninachokiogopa kinaanzia wapi. Ni hatua tisa kutoka kwenye jiwe kubwa. Nimepima."

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutakuwa uwanjani kwa somo la bido. Wazazi wote mnakaribishwa, hasa ninyi mliowahi kuvua au kulima michikichi, hata kama hamkusoma. Tunawahitaji kuliko mnavyofikiri. Samaki mkunje angali mbichi.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.